Nilikisoma Maus kwa pupa, ikabidi nikirudie

Nilikuwa miongoni mwa wale wanaoamini katuni ni kitu cha kupitishia muda. Kwa hiyo niliponunua Maus cha Art Spiegelman, toleo lenye sehemu zote mbili ndani ya jalada moja, kurasa karibu 300, nilijiambia jioni mbili zitatosha. Zikatosha kweli. Kumbe sikuwa nimekisoma.

Jicho langu lilikuwa likirukia maneno tu, kiputo hadi kiputo, na picha nikizipita kama abiria anavyopita mabango ya barabarani. Nilimaliza nikiwa naijua hadithi: Vladek na mkewe Anja, Wayahudi wa Polandi, wanahangaika kutoka maficho hadi maficho, wanaahidiwa kuvushwa hadi Hungaria, waliowaahidi wanawauza kwa Wajerumani, wanaishia Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na wote wawili wanatoka hai. Miaka mingi baadaye mtoto wao, Art, ambaye ndiye mwandishi mwenyewe, anakaa na baba yake huko New York akimdodosa na kurekodi. Nilisikitika, nikakifunga, nikajiuliza hivi hiki ndicho kilichopewa tuzo maalumu ya Pulitzer, ile tuzo kubwa ya uandishi ya Marekani, mwaka 1992?

Kilichonirudisha ni mkia.

Wengi wanajua kwamba humo ndani Wayahudi wamechorwa panya, Wajerumani paka, Wapolandi nguruwe na Wamarekani mbwa. Myahudi anapojifanya Mpolandi ili asikamatwe, anachorwa amevaa kinyago cha nguruwe. Sasa kuna mahali Vladek na Anja wanarudi Sosnowiec, mji wao huko Polandi, kwa miguu, kila mmoja na kinyago chake. Vladek ana koti na mabuti, anatembea kama mwenye mji. Anja yuko ubavuni mwake, na chini ya koti lake mkia mrefu wa panya umening'inia nje. Vladek anachosimulia ni kwamba mkewe alitambulika kirahisi kuliko yeye. Mkia hautajwi hata kwa neno moja. Mara ya kwanza niliupita bila kuuona, na nilipouona siku ile nikipekuapekua tu, nilishtuka kana kwamba mimi ndiye niliyesahau kumwambia Anja aufiche.

Nikaanza upya, ukurasa wa kwanza, taratibu. Yako mengi ya namna hiyo. Wawili hao wanapokosa pa kwenda, njia panda iliyo mbele yao imechorwa kwa umbo la swastika, ile alama ya Wanazi. Katika sehemu ya pili kuna Art mwenyewe kwenye meza ya kuchorea, ni binadamu aliyejifunga kinyago cha panya, nzi wanamzunguka, anazungumzia mafanikio ya kitabu chake. Ukishusha macho unaona meza imezungukwa na lundo la maiti. Na mimi siku ile nilikuwa nimeyasoma maneno nikageuza ukurasa!

Lakini kilichonishika zaidi ni Vladek mzee. Nilitegemea mtu mpole aliyetakaswa na mateso. Nikakutana na baba bahili, msumbufu, anayehesabu vidonge vyake na kumchosha mkewe wa pili, Mala. Anatupa koti la mwanawe kwenye takataka kwa sababu halimpendezi, halafu anampa lake la zamani. Anarudisha dukani vyakula vilivyokwisha kufunguliwa, na anapewa vyakula vingine baada ya kumweleza meneja habari za afya yake na za kambini. Hapo nilicheka, kisha nikaona haya kucheka. Mkwewe anaposimamisha gari kumpa lifti mtu mweusi, Vladek anawaka kwa ubaguzi ambao ungedhani Auschwitz ingekuwa imemfuta. Mwandishi hakumwonea haya baba yake wala hakumpamba, na ndiyo maana nilimwamini kwa yale mengine yote. Kurasa za mwanzo kabisa Art ni mtoto, skeiti yake imekatika na rafiki zake wamemwacha, anakuja analia. Baba anasimamisha msumeno na kumwambia awafungie hao rafiki chumba kimoja wiki nzima bila chakula, ndipo atajua rafiki ni nani. Kwa mtoto wa miaka kumi hivi!

Nina malalamiko pia. Herufi zimeandikwa kwa mkono na ni ndogo, na kurasa nyingine zimebanwa na visanduku hadi macho yanauma, usikisome kwenye mwanga hafifu. Suala la Wapolandi kuwa nguruwe lilinikera na bado linanikera, ingawa wamo wema na wabaya. Mwandishi mwenyewe anaonekana kulijua tatizo la kumpa kila taifa mnyama wake. Anabishana na mkewe Mfaransa, aliyeingia dini ya Kiyahudi, kuhusu amchore mnyama gani. Na kambini yuko mfungwa anayelia kwamba yeye ni Mjerumani: kisanduku kimoja ni panya, kingine ni paka. Kwangu hicho ndicho kisanduku kikali kuliko vyote.

Kingine, kabla hujampa kijana, fahamu kwamba katikati kuna kurasa nne za katuni ya zamani ya Art kuhusu mama yake, aliyejiua mwaka 1968. Humo hakuna wanyama. Nyuso ni za watu, na weusi wa wino umezidi. Baada ya kuwazoea panya kwa kurasa mia nzima, uso wa mtu unaumiza.

Ukurasa wa mwisho nimeutazama mara nyingi kuliko wowote. Vladek amelala kitandani, amechoka kusimulia, anamwita Art kwa jina la Richieu, mtoto wake wa kwanza aliyekufa wakati wa vita. Art hamsahihishi. Chini yake ni kaburi lenye majina ya Vladek na Anja, halafu sahihi ya mchoraji na miaka aliyokuwa kwenye kazi hiyo, 1978 hadi 1991.