Umelipa Kuingia, Hukulipa Kumaliza: Uzoefu Wangu na Kibanda cha Video Naguru

Nyota moja, na hiyo moja naitoa kwa ajili ya spika. Spika zao ni nzima, ndiyo maana kila neno la kejeli nililotupiwa nililisikia vizuri.

Jina la kibanda sitalitaja. Watu wa Naguru, hapa Kampala, Uganda, watakitambua kwa ubao wa chaki ulioegemezwa nje na kwa kijana wa mlangoni ambaye nitamfikia, maana naye ana deni langu. Saa ambazo hakuna mpira wa Uingereza wanaonyesha The Ultimate Fighter, yale mashindano ya runinga ya Marekani ya wapiganaji wa MMA, mchezo wa kuchanganya ngumi, mateke na mieleka. Nakala wamezitoa wapi usiniulize. Walianza na msimu wa kwanza kabisa, wa 2005, na wanauonyesha kwa mtindo wetu: picha mbele, vijei, yaani mtafsiri wa kibanda, pembeni na maikrofoni yake, anamwaga Kiluganda juu ya Kiingereza cha Wamarekani mpaka Wamarekani wenyewe hawasikiki.

Kiingilio ni shilingi 1,000. Mabenchi hayana mgongo, bati linachoma kichwa. Hayo sina ugomvi nayo, anayetaka kiyoyozi aende akatafute sinema za matajiri. Ugomvi wangu ni wa dakika chache tu za jioni moja, na nitausema mpaka niishiwe.

Mimi ni mtoto wa baraki. Baba alikuwa askari polisi, kwa hiyo nimekua ukuta kwa ukuta na watu ambao hatukuwachagua, bomba moja la maji, foleni moja ya choo, na kila mtu anajua kwa jirani wamepika nini. Hakuna wa kunieleza utamu wa mashindano haya uko wapi. Chukua wanaume 16, wafungie nyumba moja Las Vegas, wanyang'anye simu, runinga na vitabu, pombe waachie, kisha waambie watapigana wao kwa wao mpaka abaki mmoja katika kila uzani, na huyo ndiye atakayepewa mkataba wa UFC, kampuni kubwa ya mapigano ya MMA. Asubuhi mnakunywa chai pamoja, jioni unamkaba koo. Wanaodhani watu hukaa pale kwa ajili ya ngumi hawajakaa baraki. Watu hukaa kwa ajili ya jikoni: nani kala cha nani, nani kamwangalia nani kwa jicho gani.

Na katika mambo ya jikoni, vijei wetu, niseme tu, hana mfano. Kila mpiganaji alimpa jina la hapa hapa. Chris Leben alikuwa Mukasa. Josh Koscheck alikuwa Shemeji. Forrest Griffin, sijui kwa nini, alikuwa Ssalongo, jina la baba wa mapacha, na hata sasa nikimwona najiuliza mapacha wake wako wapi. Dana White, yule mkubwa wa UFC mwenye upara, alikuwa Baba Mwenye Nyumba. Kuna mahali wapiganaji wanaanza kunung'unika kwamba wanapigana humo ndani bila malipo, naye anawaita wote, anawafokea, anawauliza kama kweli wanataka kuwa wapiganaji au hapana. Hotuba hiyo Marekani wanaijua. Vijei aliigeuza yote kuwa madai ya kodi. Miezi mitatu hamjalipa! Maji yangu mnaoga, umeme wangu mnachajia simu, halafu mnaniambia mnaumwa mkono! Mama mmoja muuza kikomando, chapati na maharage, aliyekuwa amechungulia dirishani tu aliingia akalipa.

Kitu kimoja kilikuwa kinanikera, nacho nakisema kwa kupita. Kila akitokea mlevi au mkorofi, vijei anaacha Kiluganda anamzungumzisha Kiswahili. Baraza la mawaziri liliidhinisha mwaka 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi ya nchi, lakini kwa vijei bado ni lugha ya askari wa kizuizi cha barabarani. Sisi tuliobembelezewa kwa lugha hiyo tunakaa kimya tunacheka na wenzetu. Haya.

Halafu ukaja ule usiku wa Leben. Wenzake wamelewa, mmoja anamtukana kwamba hana baba, na kumbe kweli jamaa alikua bila baba. Leben anatoka anakwenda kulala nje ili yasiwe makubwa. Wanamfuata huko huko, wanammwagia maji kwa mpira wa bustani akiwa usingizini. Anaamka amelowa, anaingia ndani, anapasua kioo cha mlango kwa ngumi. Pale kibandani hakuna aliyecheka. Tusi la baba kwetu halina tafsiri ya kuchekesha, na vijei alilijua hilo kabla yetu: alizima maikrofoni. Tulisikia Kiingereza kitupu, kioo kinavunjika, mtu anahema. Alipoiwasha tena tulikuwa tumeshahamia siku nyingine.

Jioni ile ningempa nyota tano, nikaongeza na soda. Mtu anayejua pa kunyamaza ni fundi. Ndiyo maana simsamehe kwa lililofuata. Asiyejua ningesema hajui. Huyu anajua!

Fainali waliitangaza kwa siku kadhaa kwenye ubao. Griffin na Stephan Bonnar, uzani wa kilo 93, pigano la Aprili 9, 2005. Kwamba Griffin alishinda nilikuwa najua, kwamba ni pigano linalosifiwa nilikuwa najua, lakini kuliona sikuwahi. Kibanda kilijaa mpaka watu wamekaa juu ya kreti. Na kumbukeni huu ni mtaa gani. Naguru ni mtaa wa ngumi. Wazee wa hapa watakusimulia John Mugabi na Marvin Hagler, kule kule Las Vegas mwaka 1986, kana kwamba ilikuwa juzi. Mugabi alilambishwa sakafu raundi ya 11, na bado wanasimulia kwa fahari, kwa sababu zile raundi kumi za mwanzo hakuna aliyelala. Huwezi kumtafsiria mzee wa namna hiyo ngumi. Anaiona kabla haijatoka begani.

Raundi ya kwanza vijei aliongea, tukavumilia. Ya pili Griffin akachanika puani, damu usoni kote, mwamuzi akasimamisha kidogo jeraha likaguliwe, na Bonnar akaanza kuonekana kama ndiye. Ya tatu ikaanza mikono ya wote wawili ikiwa mizito, mtu anarusha ngumi na ngumi inamvuta yeye mwenyewe, na hakuna anayerudi nyuma. Wazee walikuwa wamesimama. Mimi nilikuwa nimesimama, sikumbuki nilisimama saa ngapi.

Picha ikaganda.

Nikadhani Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, imeisha, lakini taa iliwaka na spika ilinguruma. Ni yeye. Ameisimamisha mwenyewe, ngumi ya Griffin iko hewani, akaanza kutoa salamu. Salamu kwa mwenye duka la simu aliyelipia salamu. Salamu kwa bodaboda wa steji ya juu. Salamu kwa binti fulani aliyetimiza miaka, na mchumba wake aliyetuma elfu mbili. Kisha akajitangaza yeye: anaendesha shughuli za kwanjula, yaani za kumtambulisha mchumba kwa wazazi, anaendesha harusi, namba yake ni hii, akairudia taratibu ili watu waandike. Kuna mtu aliandika! Wapiganaji wawili wameganda kizimbani, damu imeganda, na mtu anaandika namba ya mshereheshaji.

Nikasema kutoka benchini, kwa adabu kabisa, "Vijei, ndugu yangu, tumalizie raundi."

Tulikuwa mbali kama mabenchi mawili. Angeweza kunijibu kwa mdomo. Alinijibu kwa maikrofoni, na kwa ile sauti yake ya walevi: "Afande ameamka! Afande, kitambulisho iko wapi?" Kibanda kikaangua kicheko. "Kama unataka kukamata, kamata hawa wanapigana bila kibali."

Mimi ni fundi friji. Sijawahi kuvaa hata kofia ya mgambo.

Na hapo ndipo lilipofanyika lile ninaloliandikia. Aliporudi kwenye picha hakurudi mahali alipoachia. Aliangalia saa, akaona Arsenal inakaribia kuanza, akaruka mbele. Tukawaona wawili wamesimama na mwamuzi, mkono wa Griffin unainuliwa, pointi 29 kwa 28 kwa majaji wote watatu, vijei anapiga vigelegele, Ssalongo! Ssalongo! Baba Mwenye Nyumba anatangaza kwamba Bonnar naye atapewa mkataba, na huku kijana ameshaanza kubadilisha waya za kisimbuzi.

Ndugu zangu, mnajua alichokikata? Ndugu wawili wa ukoo wa Fertitta waliinunua UFC mwaka 2001 kwa dola milioni 2, ikawa inawala fedha kila mwaka, na msimu huu wa kwanza waliugharamia kutoka mifukoni mwao kwa sababu hakuna runinga iliyotaka kubeba hasara. Pigano hili ndilo lililowafanya watu Marekani wapigiane simu usiku kwamba fungua runinga. Mwaka 2016 kampuni ikauzwa kwa dola zipatazo bilioni 4. Ni ile raundi ya tatu iliyokuza jina, watu wawili wasiotaka kuanguka. Vijei aliiona haina thamani ya salamu ya elfu mbili.

Nilikwenda mlangoni. Kijana hakuniangalia hata usoni, alikuwa anakusanya elfu moja nyingine kwa walioingia kutazama mpira. Nikamwambia nilichokilipia hakijaisha. Akasema, "Mzee, umelipa kuingia. Hukulipa kumaliza."

Mzee! Mimi na baba yake tungegombana kuhusu nani mkubwa. Na sentensi yenyewe, hebu ifikirie, imenyooka kiasi kwamba nilikosa la kujibu, nikabaki nimesimama kwenye mfereji watu wananipita.

Sasa haki ni haki. Mpwa wangu aliponiona nimenuna alinitafutia raundi ile kwenye simu, ikiwa kamili, kwa Kiingereza cha watangazaji wao. Nimeiona. Ni kweli ni kubwa kama wanavyosema, dakika za mwisho umati unapiga miguu chini, na wale wawili wanapigana kwa kitu ambacho si nguvu tena, maana nguvu imeshaisha. Lakini nilikaa na kile kisimu nikajikuta namsubiri Ssalongo. Griffin akawa Griffin tu, Mmarekani mmoja mwenye masikio yaliyovimba. Sikumwogopea. Kwa hiyo hasira yangu imekuwa maradufu: vijei ameninyima pigano kibandani, na ameniharibia hata lile la bure. Angekuwa mbovu tangu mwanzo ningeshahamia kibanda kingine na maisha yangeendelea.

Kwa hiyo ile nyota moja naifuta. Sifuri. Hapana, kwa usiku wa Leben siwezi kuweka sifuri, mikono inakataa. Wekeni tatu, na mbili nakata kwa maikrofoni, halafu ile ya "kitambulisho" sijajua niihesabu wapi, kwa sababu hata mimi njiani kurudi nyumbani nilicheka kidogo.

Ubaoni sasa wameandika kwamba wanaruka misimu ya katikati wanakwenda moja kwa moja kwenye msimu wa 21, wa 2015, alioshinda Kamaru Usman wa Nigeria kabla hajamvua mkanda Tyron Woodley mwaka 2019. Nasikia vijei ameshaanza kutangaza mtaani kwamba mama yake Usman ni mtu wa Mbale. Atasema hivyo kwenye maikrofoni, watu wataamini, na mimi nitakuwa pale nimelipa. Lakini safari hii nalipa 500 nikiingia, na 500 nyingine nitamwekea yule kijana mkononi baada ya mwamuzi kuinua mkono wa mshindi. Akikataa, nimeshaongea na wazee wawili wa ngumi, na wao wana maneno mabaya kuliko yangu.