Mfumo Endeshi Upi kwa Laptopu Kuukuu? Mwongozo kwa Mnunuzi wa Mtwara

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wake wa kawaida, na Windows 11 iliyoirithi haikubali rasmi kompyuta isiyo na TPM 2.0 (chipu ya usalama) wala prosesa nyingi za Intel za kabla ya kizazi cha nane. Laptopu za mtumba ninazoletewa hapa Mtwara mjini nyingi ni za kizazi cha tatu na cha nne, kwa hiyo muuzaji anayesema "inapiga Windows 11 bila shida" ameilazimisha mashine, nawe ndiye utakayebaki na matokeo. Ushauri wangu ni kununua mashine hizo hizo kwa bei ya uzee wake, kuzipa mfumo huria wa Linux usiolipiwa, na fedha inayobaki kuiweka kwenye RAM na diski.

Kitu cha kwanza kununua, kabla hata ya kompyuta yenyewe, ni flashi. Ya GB 8 inatosha mfumo mmoja, lakini napendelea ya GB 32, kwa kuwa programu huria ya Ventoy hukuruhusu kuweka humo mafaili ya mifumo kadhaa na kuchagua wa kuwasha. Faili la Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux, peke yake linakaribia GB 3, hivyo ni busara mmoja wenu alipakue kwa bando lake, wengine wanakili kwake.

Nenda na flashi hiyo dukani. Laptopu iwashwe huku ukigonga F12 kwa Dell na Lenovo, au Esc kisha F9 kwa HP, uchague flashi. Ikigoma, zima Secure Boot (kinga inayozuia mifumo isiyotambuliwa kuwaka) kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya mfumo. Mfumo utawaka bila kugusa diski ya muuzaji, na ndani ya robo saa utajua mengi kuliko atakayokueleza. Bonyeza kila kitufe cha kibodi. Chomeka kipanya katika kila tundu la USB, kwani hewa ya chumvi huyala matundu hayo kwa kutu, hasa kwa mashine iliyokaa Shangani au Mikindani. Unganisha Wi-Fi na simu yako, cheza wimbo, kisha chomoa chaja uone betri inashuka kwa kasi gani. Ndani ya Mint kuna programu iitwayo Disks inayoonyesha afya ya diski na jumla ya saa ilizofanya kazi. Niliwahi kusifiwa laptopu "haijatumika kabisa" ambayo diski yake ilikuwa na zaidi ya saa 20,000. Usipime wepesi kwa jaribio hili, kwa sababu flashi huenda polepole kuliko diski iliyo nzima. Muuzaji akilikataa jaribio lenyewe, muage.

Katika kupanga mifumo, kinachoamua ni RAM, na kinachoimaliza RAM mara nyingi ni kivinjari chenye kurasa kumi zilizofunguliwa kwa pamoja. Kwa mashine yenye GB 4 na kuendelea, nafasi ya kwanza naipa Linux Mint ya Xfce (yenye sura nyepesi ya skrini) bila kusita. Menyu iko pale pale alipoizoea mtu wa Windows, Firefox na LibreOffice zimo tayari, na toleo la 22, lililotoka mwaka 2024, litahudumiwa hadi 2029. Kwa kazi za steshenari, kama vile kuandika wasifu, kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu au ya ajira mtandaoni na kuchapisha, inatosha. Ila printa yako ijaribiwe kabla ya kufuta chochote.

Lubuntu ni ya pili, nayo ni ya mashine yenye GB 2 ambayo huwezi kuiongezea. Ni nyepesi kuliko Mint, lakini toleo lake la 24.04 linahudumiwa hadi Aprili 2027 tu.

Ya tatu ni antiX, na kwa kompyuta za kale kabisa ndiyo ya kwanza. Mint na Lubuntu za sasa hazina toleo la biti 32, yaani la prosesa za zamani zisizoweza biti 64, na Debian yenyewe, Linux ambayo nyingine nyingi hujengwa juu yake, iliacha kutoa kisakinishi cha biti 32 ilipotoa toleo la 13 mwezi Agosti 2025. AntiX 23 bado inalo, na huridhika na RAM ya MB 512. Sura yake haivutii, na mgeni atahitaji mtu wa kumwelekeza siku mbili tatu. Puppy Linux hukaa yote ndani ya RAM na kufanya kazi hata diski ikiwa imekufa, kwa hiyo mimi huitumia kuokoa mafaili ya watu, siyo kuwasakinishia. Haiku, iliyozaliwa kutokana na mfumo wa zamani wa BeOS na ambayo bado ni ya majaribio, ni ya kujifurahisha jioni.

Si kila mtu anafaa kuhama. Karani mmoja wa chama cha msingi cha korosho alinijia katikati ya msimu wa minada na faili la Excel lenye makro (amri zinazojiendesha zenyewe) za kukokotoa malipo ya wakulima. LibreOffice ililifungua, tarakimu zikaonekana, lakini vitufe vyake vikagoma. "Fundi, watu wananisubiri na stakabadhi zao," akaniambia. Nikamwachia Windows yake, nikamwekea nakala ya faili kwenye flashi mbili.

Kuhusu vipuri, fungua mfuniko usome lebo kabla ya kununua RAM, kwa sababu baadhi ya laptopu hudai DDR3L, RAM ya umeme mdogo zaidi, na hazitawaka vizuri kwa DDR3 ya kawaida. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, mwenye GB 2 anunue RAM. Mwenye GB 4 na diski ya kuzunguka anunue SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi), hata ya GB 120, na hiyo diski ya zamani aiweke kwenye kasha la USB ihifadhi picha za familia.