Toyota Axio ya haibridi: vipimo vya Japani na maneno ya wenye magari

Wauzaji wa magari hapa Mombasa wana namba moja wanayoitaja kabla mteja hajafungua hata mlango wa Toyota Corolla Axio ya haibridi, yaani yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja: kilomita 33 kwa lita moja ya petroli. Namba hiyo hawakuitunga wao. Toyota yenyewe iliitangaza gari hili lilipotoka Agosti 2013, kwa kipimo rasmi cha Japani cha wakati huo kiitwacho JC08. Hata hivyo, nilipowauliza wenye magari haya, kuanzia madereva wa teksi za mtandaoni hadi jirani yangu anayepeleka watoto shuleni kila asubuhi, hakuna aliyenitajia hata 25. Mimi nimeliendesha la kwangu mwaka mmoja na nusu sasa, nikiandika kila lita kwenye daftari, na nimefikia kuamini kwamba waliopima na wanaoendesha wote wanasema kweli, ila hawazungumzii barabara moja.

JC08 hufanyika ndani ya chumba, gari likiwa juu ya magurudumu ya kuzungushia tairi. Jaribio huchukua dakika 20 na sekunde chache, umbali wake ni kama kilomita 8, mwendo wa juu kabisa ni kilomita 81.6 kwa saa, na wastani, pamoja na vituo vya kusimama, ni kilomita 24.4 kwa saa. Kiyoyozi huwa kimezimwa. Hakuna mlima, hakuna upepo wa mbele, hakuna watoto watatu na magunia ya mkaa kwenye buti. Kwa gari la haibridi mazingira hayo ni mazuri mno, kwa sababu mwendo mdogo wenye kusimama mara kwa mara ndipo mota ya umeme inapofanya kazi kubwa, na kila unapokanyaga breki nguvu iliyokuwa ipotee bure hurudi kwenye betri.

Njia niliyoiona nzuri ya kuisahihisha namba ya Japani ni kulitazama gari jingine lenye injini na mfumo uleule. Toyota Aqua ya kizazi cha kwanza, ambayo Wamarekani waliuziwa kwa jina la Prius c, inatumia injini ya 1NZ-FXE ya lita 1.5 kama Axio hii. Kwa JC08, Aqua ilipewa kilomita 35.4 kwa lita. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, ambalo majaribio yake yana mwendo mkali zaidi na sehemu ya kuwasha kiyoyozi, lilimpa Prius c maili 50 kwa galoni, yaani kilomita 21 na ushei kwa lita. Jarida la Consumer Reports, ambalo hununua magari lenyewe na kuyapima lenyewe, lilipata maili 43, sawa na kilomita 18 hivi. Gari ni lilelile, namba ni tatu. Ukiipunguza namba ya Axio kwa kadiri ileile iliyopungua kati ya Japani na EPA, 33 inakuwa karibu 20. Laiti ningelifanya hesabu hiyo kabla ya kununua, nisingelifadhaika mwezi wa kwanza.

Kwani daftari langu linasema nini? Hujaza tangi kwenye pampu ileile, nikaacha pampu ijikate mara moja tu bila kuongeza, kisha nagawanya kilomita za safari kwa lita nilizojaza. Mjini, kati ya Nyali, Makupa na Changamwe, kiyoyozi kikiwa kimewashwa mchana kutwa, napata kati ya 18 na 20. Siku nzuri zaidi ni zile za foleni ya feri ya Likoni. Injini huzimika yenyewe, kiyoyozi huendelea kupuliza kwa sababu kompresa yake inaendeshwa na umeme wa betri kubwa, na gari husogea hatua kwa hatua bila sauti, mpaka betri iteremke ndipo injini inapowaka kwa dakika chache na kuzima tena. Katika foleni hiyohiyo, gari la petroli tupu huunguza mafuta kwa kusimama tu.

Safari ndefu ni habari nyingine. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 hivi, na unapanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600. Kupanda nilipata 18, kurudi nikapata 22, tukiwa watu wazima wawili na watoto watatu. Kinachosumbua safarini, kuliko mafuta, ni kupita malori. Consumer Reports walilalamika kwamba Prius c huchukua zaidi ya sekunde 11 kufika maili 60 kwa saa, na wenye Axio wananiambia jambo hilohilo kwa maneno yao: ukiwa nyuma ya lori kabla ya Mtito Andei, gari limejaa, subiri nafasi ndefu kwelikweli. Injini hupiga kelele nyingi kuliko mwendo inaoutoa. Nawasihi wanaosafiri na familia walichukulie hili kwa uzito, kwa kuwa barabara ile haisamehi aliyepima vibaya.

Ndugu yake wa petroli tupu, mwenye injini ya lita 1.5 iliyoletwa mwaka 2015, aliandikiwa 23.4 kwa JC08. Wenye nalo ninaowafahamu hapa mjini wananitajia 12 hadi 14, na safarini 17 au 18. Tazama basi: mjini tofauti kati ya mawili haya ni kubwa, safarini karibu itoweke. Mwenye kuendesha kilomita 1,200 za mjini kwa mwezi ataokoa karibu lita 30 kwa haibridi, na anaweza kuzidisha mwenyewe kwa bei ya mafuta ambayo EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, huitangaza kila tarehe 14.

Hofu kubwa ya wanunuzi ni betri, na hapa maneno ya wenye magari yana faida kuliko karatasi yoyote ya majaribio, maana hakuna jaribio la dakika 20 linaloonyesha gari litakavyokuwa baada ya miaka minane. Betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma, nayo hupozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari kupitia tundu lililo kando ya kiti hicho. Mimi nililifungua la kwangu baada ya miezi sita. Nyuma ya kifuniko cha plastiki nilikuta vumbi jekundu lililoshikana na nyuzi za zulia kama pamba chafu, vipande vya chapati, na kipini cha nywele cha binti yangu. Hewa ilikuwa inapita kwa tabu. Katika joto la Mombasa, betri isiyopata hewa huchoka mapema, na dereva mmoja wa teksi aliyeifikisha yake kilomita nyingi bila kuibadilisha aliniambia siri yake ni moja tu: hulisafisha tundu hilo kila mwezi, wala hamruhusu abiria kuliziba kwa begi. Ushauri huo sijausikia kwa muuzaji hata mmoja.

Mafundi ni shida ya pili. Axio ya haibridi ina vyombo viwili vya maji ya kupozea, kimoja cha injini na kingine cha invata, kifaa kinachougeuza umeme wa betri ili uendeshe mota. Fundi mmoja wa mtaani alinijazia maji ya bomba kwenye kile cha invata, akidhani ni cha akiba tu, na ilibidi mfumo mzima umwagwe na kujazwa upya kwa maji sahihi ya rangi ya waridi. Uliza kabla ya kumkabidhi mtu ufunguo kama anazo glovu za umeme mkubwa na kompyuta ya kusoma betri. Akikosa kimojawapo, nenda kwingine.

Ndani, gari ni la kawaida tu: plastiki ngumu, viti vinavyotosha, sauti ya tairi inayoingia kwenye lami mbovu. Upana wake ni milimita 1,695, kwa sababu Wajapani walitaka libaki ndani ya daraja la magari madogo lisilozidi 1,700. Kwa hiyo watoto watatu nyuma wanakaa vizuri, ila watu wazima watatu watagusana mabega hadi Voi. Kwa matuta ya mtaani liko chini, na yeyote anayeliendesha likiwa limejaa atasikia tumbo likikwaruza.

Kuhusu usalama, magari yaliyotoka baada ya maboresho ya Aprili 2015 yanaweza kuwa na Toyota Safety Sense C, ambayo huonya na kusaidia kufunga breki gari linapokaribia kugonga la mbele. Kitambuzi chake kiko kwenye kioo cha mbele, kwa hiyo kioo kilichobadilishwa bila kitambuzi hicho kupangwa upya ni jambo la kuuliza. Lazima niseme pia kwamba Juni 2024 Toyota ilikiri kasoro katika data za majaribio ya kuwalinda watembea kwa miguu na abiria kwa Axio, Fielder na Yaris Cross zilizokuwa zikitengenezwa wakati huo, ikasimamisha kwa muda kuyatoa kiwandani. Iliwaambia wenye magari kwamba hawana haja ya kuacha kuyatumia. Jambo hilo halikugusa vipimo vya mafuta, lakini mzazi anayenunua gari la familia ana haki ya kulijua.

Jirani yangu mwingine ameniuliza juzi amshauri vipi kaka yake aliyeko Taita, anayeshuka Mombasa mara mbili kwa wiki na kurudi na mizigo. Nilimwambia achukue Axio ya petroli, akague karatasi ya mnada inayoeleza hali ya gari lilipouzwa Japani, na pesa atakazobakiza anunue shokapu nzuri za nyuma. Yeye mwenyewe, ambaye kila siku yuko kwenye foleni ya Likoni saa moja na nusu asubuhi, nilimwambia achukue ya haibridi, na siku ya kwanza kabisa afungue lile tundu kando ya kiti cha nyuma.