Uzoefu wangu: siku nzima kwenye bustani ya burudani na mtoto mwenye mzio wa karanga na maziwa

Kwa mwenye haraka: mkahawa wa kukaa mezani naupa nyota 5, vibanda vya njiani navipa moja, tena kwa huruma. Bustani ni ileile, geti lilelile, ila ukitoka mkahawani na kutembea hatua mia unakuta watu ambao mzio wameusikia kwa jina tu.

Binti yangu ana miaka 7. Kwake karanga na maziwa si mambo ya kujikuna kidogo yakaisha. Mara ya mwisho alionja biskuti ya mwenzake, midomo ikavimba, akaanza kukohoa, na muda si muda tukawa tumeshamdunga sindano ya adrenalini pajani, juu ya suruali, tukiwa tunasubiri gari la wagonjwa. Tangu siku hiyo matembezi yetu yote yanaanza kupangwa kwa chakula. Bembea na treni za kupinduka zinafuata baadaye.

Wiki mbili kabla niliwaandikia barua pepe. Walijibu kwa swali: je, anadhurika hata na mabaki kidogo yaliyonata kwenye chombo? Nikajua huyu aliyejibu anaelewa anachoshughulika nacho. Wakaturuhusu pia kuingia na chakula chetu wenyewe, mradi tuje na barua ya daktari.

Mkahawani tulifika mapema, kabla watu hawajajaa. Mhudumu aliposikia neno mzio alifunga kijitabu chake. "Ngoja nimwite mpishi, mama. Hili sitaki kulijibu mimi." Mpishi akaja na faili la lebo, zile zenyewe zilizokatwa kwenye pakiti, akapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka kwenye mkate wenye unga wa maziwa. Sosi ya nyama akasema tuiache, kwa sababu imeletwa ya kampuni nyingine na lebo yake hajaisoma. Kuku alipikwa kwenye kikaango kilichooshwa upya, akakatwa kwenye ubao wa zambarau ambao haugusi chakula kingine. Sahani aliileta mwenyewe, imefunikwa, mbali na sinia iliyobeba za kwetu. Tulisubiri dakika 35. Mtoto alinuna, mimi roho yangu ilikuwa imetulia.

Sasa vibanda. Binti aliona chipsi, akazitaka. Kijana pale dirishani, mchangamfu kwelikweli, akasema, "Hamna shida, mama, sisi karanga hatuuzi kabisa." Nikamwambia ana mzio wa maziwa pia, nikamuuliza mafuta yale yamekaanga nini kingine leo. Akageuka kuangalia, kama vile ndiyo mara ya kwanza anayaona. Pembeni ya kikapu cha chipsi kilining'inia kingine kikichuruzika mafuta, kimejaa vipande vya kuku vyenye ganda la unga. Ganda lile lina maziwa? Hakujua. Ukutani jedwali la mzio linaonyesha chipsi hazina maziwa, na kusema kweli halidanganyi: viazi, mafuta, chumvi. Linataja kilichomo kwenye mapishi, halitaji kilichotangulia kuogelea mle. Tukaondoka, binti analia, kijana anaomba radhi. Simlaumu yeye, namlaumu aliyemweka dirishani bila kumfundisha.

Kwenye aiskrimu sikuuliza hata swali. Kijiko kimoja kilikuwa kinatoka kwenye ndoo ya aiskrimu ya karanga, kinachovywa kwenye maji yaliyoshakuwa meupe, kinaingia kwenye ndoo ya pili. Ile ya matunda isiyo na maziwa ilikuwa katikati ya msafara huo.

Vitafunio vya pakiti navyo visomeni kwa makini. Yale maneno ya "huenda ikawa na chembe za karanga" ni hiari ya kampuni, Marekani na Uingereza hata sheria haiyalazimishi, kwa hiyo pakiti isiyo nayo si ushahidi kwamba mashine ilikuwa safi. Na kwa mnaosafiri na watoto: orodha za lazima hazifanani. Umoja wa Ulaya unataka vyakula 14 vitajwe, Marekani ni 9, na ufuta uliingia humo mwaka 2023 tu. Usidhani uliyoizoea nyumbani ndiyo utakayoikuta.

Jambo ambalo sikulitegemea ni kubishana kuhusu sindano. Kwenye treni kubwa hawaruhusu mikoba, vitu vyote vinaachwa kabatini. Nilieleza kwamba sindano haziwezi kubaki chini huku mtoto yuko juu, tena kabati lenyewe linapigwa na jua, na dawa hii haitakiwi kukaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30. Mhudumu akamwita msimamizi wake, msimamizi akaruhusu mkoba wa kiunoni wenye zipu, uvaliwe ndani ya koti. Sindano zetu ni mbili, kwa sababu ya kwanza ikishindwa kutuliza hali, ya pili inaweza kuhitajika hata ndani ya dakika 5 hadi 15. Siku ya kwanza kununua mkoba ule mume wangu alinicheka. Siku hizi anauvaa yeye.

Tuliondoka jioni bila tukio lolote, ila kwenye benchi moja nilikuta maganda ya karanga na binti keshaweka mkono. Mama mmoja mwema akanyoosha jeli ya kutakasa mikono. Nilimshukuru, nikamkimbiza mtoto bombani: jeli huua vijidudu, haiondoi karanga. Sabuni na maji, au vitambaa vya kufutia.

Tutarudi. Tutakula mkahawa uleule, mapema vilevile, na chipsi nitamkaangia mwenyewe nyumbani.