Moduli ya saa ya DS1307: uzoefu wangu na ile 165:165:85

Nimekaa na hii moduli ya DS1307 kama miezi mitatu hivi, nimeifunga na Arduino (kibodi kidogo cha kuprogramu) inayowasha pampu ya bustani kwa relei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, asubuhi robo saa na jioni robo saa. Chipu yenyewe sina ugomvi nayo sana, ila namna moduli ilivyoundwa imeniudhi kweli.

Siku mbili za kwanza kila kitu safi. Siku ya tatu pampu ikawaka ikagoma kuzima, nafika bustani matuta yote yanaelea, mche wa nyanya niliopanda wiki ile umeng'oka mizizi iko nje. Nikafungua siriali monita, dirisha la kompyuta linaloonyesha Arduino inatuma nini, nikakuta tarehe na saa ni 2165/165/165 165:165:85. Nikazima nikawasha, saa ikarudi na muda sahihi kabisa, jioni pampu ikawaka tena na 165 zikarudi.

Nikahangaika wiki nzima, nikahakikisha rtc.adjust, amri ya kuseti saa, haimo kwenye setup, sehemu ya kodi inayoanza kila ukiwasha (hiyo itoe hata kama huna shida, ukishaseti saa mara moja basi, la sivyo kila ukiwasha inarudi kwenye muda uliokompaili kodi), nikabadilisha waya nikaweka fupi, nikaongeza risista za kiloomu 4.7 kwenye SDA na SCL, zile waya mbili za mawasiliano na chipu, wapi!

Kilichonifungua macho ni hiyo namba yenyewe. Chipu isipojibu, programu inapata 255 kwenye kila baiti, alafu laibrari (kodi iliyoandikwa tayari ya kusoma saa) ikigeuza kutoka BCD, namna chipu inavyohifadhi namba, inatoa 6 mara 15 yaani 90, inabaki 165. Sekunde zenyewe zinakatwa kwanza ile biti ya juu, inabaki 127, ukitoa 6 mara 7 yaani 42 unapata 85. Kumbe saa haikukosea hata kidogo, ilikua haisomeki! Ndo maana kila ikirudi ilirudi na muda sahihi.

Basi nikachukua mita. Mguu wa 3 wa chipu, ule wa betri, nikakuta volti 3.7, maana moduli ilikuja na betri ya kuchaji, LIR2032. Mguu wa 8 unaoleta umeme ulikua na 4.9, ila relei ikishika tu, tak, inashuka mpaka 4.55. Sasa datashiti, karatasi ya vipimo ya mtengenezaji wa chipu, inasema umeme ukishuka chini ya volti za betri mara 1.25, chipu inakata mawasiliano. 3.7 mara 1.25 ni 4.625, kwa hiyo kila relei ikishika chipu inanyamaza, na programu ikiwa haioni saa haiwezi kujua muda wa kuzima umefika. Siku mbili za kwanza ilikubali kwa sababu betri ilifika haijajaa, moduli ikawa inaichaji polepole mpaka ikavuka. Na datashiti hiyohiyo inataka betri isizidi volti 3.5! Mtu anauza moduli na betri inayopita kipimo cha chipu yake, hilo sijalielewa mpaka leo.

Nilichofanya, niling'oa daiodi na risista ya kuchajia nikaunganisha betri moja kwa moja na mguu wa 3, nikaweka CR2032 ya kawaida (usiiweke hii kabla hujatoa hiyo sehemu ya kuchaji, haichajiwi hii na ni hatari), relei nikaipa umeme wake peke yake ila GND, ule waya wa hasi, ni moja. Kwenye kodi nikaongeza kwamba Wire.endTransmission, amri inayoonyesha kama chipu imejibu, isiporudisha 0, au baiti za saa zisipofika 7, pampu izimwe kwanza maswali baadaye. Tangu hapo sijaona 165 hata moja.

Ila bado ilikua inakimbia sekunde 3 kwa siku, kristali yake, ile inayotoa mapigo ya saa, iko nje na joto linaisumbua, nikachoka nikanunua DS3231, chipu nyingine ya saa. Hii kristali iko ndani na inajirekebisha kwa joto, inakubali volti 2.3 mpaka 5.5, na adresi, namba ambayo Arduino inaitia chipu, ni ileile 0x68 so waya sikugusa, nilibadilisha jina la chipu tu kwenye kodi. Mwezi umeisha imepotea sekunde 2. Moduli yake nayo ilikuja na sehemu ya kuchaji, nikaing'oa siku ileile kabla hata sijaiwasha.

DS1307 kwenye moduli ile naipa nyota 2 kati ya 5, DS3231 naipa 4, hiyo moja nimeikata kwa ajili ya kuchaji.