AirLift FeatherWing: Wi-Fi ni nzuri, pini 28 ni juu yako

AirLift FeatherWing ya kampuni ya Adafruit ni bodi inayopandishwa juu ya Feather, bodi ndogo za kompyuta za kampuni hiyo, na inazipa Wi-Fi zile zenye kumbukumbu ya kutosha, kama za chipu za M0 na M4. Imebeba moduli ya ESP32, chipu ya Wi-Fi, inayoshughulikia mtandao wote, usimbaji wa TLS ukiwemo, na Feather huiagiza kwa SPI, njia ya mawasiliano kati ya chipu. Kazi hiyo inaifanya vizuri sana. Ila pini zake huja kando, hazijalehemiwa, na kwetu hilo si kasoro: anayetaka kupandisha bodi ya tatu juu yake atachagua soketi zenye miguu mirefu, mwenye kasha jembamba atachagua pini fupi.

Kata safu mbili, moja ya pini 16 na nyingine ya 12. Chomeka miguu mirefu ya pini kwenye bredibodi (ubao wa majaribio wenye matundu), kisha ivalishe bodi juu, ESP32 ikitazama juu. Usiruke bredibodi. Safu zikishikwa kwa mkono huegama, na bodi itagoma kuingia kwenye soketi za Feather.

Waya wa kulehemu wa bati 63 na risasi 37 kwa mia, unene wa mm 0.8 au chini yake, ndio rahisi zaidi. Huyeyuka kwenye nyuzi 183, na pasi ya kulehemu iwe kama 350. Tumia ncha bapa. Ncha kali kama sindano haipitishi joto la kutosha, ndiyo maana wengi huishia kuongeza nyuzi hadi wakabandua shaba ya bodi. Gusa pini na duara lake la shaba kwenye bodi kwa pamoja kwa sekunde moja, lisha waya, toa waya, kisha toa pasi. Anza na pini za kona, hakikisha bodi imelala sawa, ndipo uendelee. Ukikawia mahali pamoja, plastiki hulainika na pini huhama.

GND (pini ya ardhi ya umeme) ndiyo sumbufu, kwa kuwa imeunganishwa na shaba pana inayonyonya joto. Ukiona uvimbe wa mviringo umekalia pini bila kutandaa, hicho ni kiungo baridi, yaani hakijashika vizuri. Dawa yake ni fluksi, inayosafisha chuma ili bati litandae, na joto la ziada kidogo. Kuongeza waya kunaficha tatizo tu.

Kati ya pini 28, ni 8 tu zinazoitumikia Wi-Fi: 3V na GND za umeme pamoja na SCK, MOSI na MISO za SPI upande wa pini 16, D11, D12 na D13 upande wa pini 12. Nyingine lehemu pia, kwa uimara. Programu ikikuambia moduli haipo (WL_NO_MODULE kwenye Arduino), usikimbilie kulaumu ESP32. Rudia kupasha hizo 8 kwanza. Kabla ya kuwasha, pima kwa multimita kwamba 3V na GND hazijashikana, wala SCK na MOSI, maana zimepakana.

D13 ndiyo inayoichagua ESP32 kwenye SPI, na kwenye Feather nyingi ndiyo pia ya taa nyekundu. Kwa hiyo ondoa mistari yote ya kuwasha na kuzima taa hiyo kwenye programu yako. Na ukipandisha bodi kadhaa, AirLift ikae juu kabisa ikiwezekana; kama kuna bodi juu yake, antena yake isifunikwe na shaba wala betri.