TAHADHARI: Kuna mtu anauza risasi za magnum "za kujaza kwa mkono" Malindi na Lamu

Ndugu zangu wa Malindi, Lamu na huko katikati mpaka Witu, hasa nyinyi wenye cheti halali cha raifo: kuna mtu anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp akiuza risasi za .375 H&H Magnum na .300 Winchester Magnum, yaani risasi za raifo za kuwindia zenye nguvu nyingi. Anadai amezijaza mwenyewe kwa mashine yake, na bei anayotaja ni karibu nusu ya ile ya duka lenye leseni. Msinunue. Aliyekwisha nunua asipige hata moja.

Siandiki kwa kusikia. Nimefanya kazi miaka mingi Tanzania na wageni wa kuwinda, nikibeba bunduki zao na kuzisafisha, na nimewaona Wamarekani na watu wa Afrika Kusini wanaojaza risasi zao makwao, ambako sheria inawaruhusu. Mtu makini hupima kwa mizani baruti ya kila ganda (kile kikopo cha shaba kinachobeba baruti), huandika kila kitu kwenye daftari, na huijazia bunduki moja tu: ile yake. Sikumwona hata mmoja akimuuzia mtu asiyemjua, maana risasi iliyo salama kwenye chemba hii (pale risasi inapokaa ndani ya bunduki) inaweza kuwa na nguvu ya kupita kiasi kwenye chemba ile.

Jamaa mmoja wa hapa Malindi, mwenye cheti na raifo ya .375 anayokwenda nayo kuwindia nyati Tanzania, alinunua pakiti za mtu huyu. Bahati alishuku kabla ya kufyatua. Fundi wa silaha mwenye leseni alifungua chache nami nikiwepo, na zilizobaki zikasalimishwa polisi kupitia wakili. Tulichokiona kinatisha.

Kwanza baruti. Hizi hupimwa kwa greni, na greni 15 na kidogo ndiyo gramu moja, kwa hiyo mnaona kipimo kilivyo chembamba. Maganda yale yalipishana kwa greni kadhaa. Baya zaidi, ndani ya ganda moja mlikuwa na baruti za aina mbili: vijiti virefu virefu, ambavyo ndivyo vya raifo kubwa, vimechanganywa na vipande bapa vidogo vya aina inayotumika kwenye bastola na shotgani. Baruti ya raifo ya magnum huungua polepole ili kukisukuma kichwa kizito, yaani kile kipande kinachoruka, mtutu mzima. Ile ya bastola huungua mara moja. Hata risasi ya magnum isiyo na kasoro huzalisha ndani ya chemba shinikizo linalopita mara 4,000 ya shinikizo la hewa tunayovuta. Ongeza baruti ya haraka juu ya hapo, na bolti, kile chuma kinachofunga chemba, iko inchi chache kutoka kwenye jicho lako.

Pili, maganda yenyewe ni mitumba iliyopigwa mara nyingi. Hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu dosari hii haionekani kwa mtu asiyeijua. Ganda la .375 H&H, lililotoka London mwaka 1912, lina mkanda wa shaba karibu na kitako, na ile .300 ya Winchester ya mwaka 1963 ilirithi mkanda huohuo. Kila inapopigwa, shaba ya juu kidogo ya mkanda huvutika na kuwa nyembamba. Anayejaza kwa akili huingiza waya uliopindwa ncha ndani ya ganda na kupapasa ukutani. Akihisi kijifereji, ganda hilo halijazwi tena. Kwa nje dalili ni duara linalong'aa juu ya mkanda. Yale ya jamaa yetu yalikuwa na duara hilo, nayo yamesuguliwa kwa dawa ya kung'arisha shaba ili yaonekane mapya. Ganda la namna hiyo linaweza kukatika vipande viwili ndani ya chemba, na gesi ya moto ikarudi nyuma kwa aliyeshika bunduki.

Na joto letu la pwani linazidisha yote haya. Waingereza walipotengeneza risasi za kordaiti (aina ya baruti ya zamani) kwa ajili ya India na Afrika walipunguza baruti, kwa kuwa kadiri inavyopata joto ndivyo shinikizo linavyopanda. Mtu huyu anaziweka kwenye buti la gari juani.

Sasa utapeli wenyewe. Anaanza kwa kukuomba picha ya cheti na kitambulisho, ati "kwa usalama". Unatuma malipo ya awali kwa M-Pesa. Wengine hawapati kitu kabisa. Ukilalamika anakutumia mazungumzo yenu na kukuambia atakupeleka polisi wewe, kisha anadai pesa ya kunyamaza. Picha ya cheti chako anaitumia kumvutia mteja mwingine: "huyu naye kanunua kwangu." Anajua kwamba kwa Sheria ya Silaha, Sura 114, wewe unanunua kwa muuzaji aliyesajiliwa, risasi zikaandikwa kwenye rekodi yako, na aibu yako ya kununua nje ya utaratibu ndiyo mtaji wake. Na anaposema ni "za kuwindia hapahapa", kumbukeni uwindaji ulipigwa marufuku Kenya tangu 1977.

Ndugu wa Lamu, kwenu ni hatari mara mbili. Anapendekeza kupeleka mzigo kwa basi hadi Mokowe, ndani ya boksi la vipuri vya mashine ya boti. Mnaijua barabara ile ya Garsen, Minjila na Gamba, na upekuzi wake. Mkikutwa na risasi zisizo na karatasi, katika hali ya usalama tuliyonayo upande huo, hakuna atakayesikiliza habari za nyati wa Tanzania. Na dereva na utingo wasiojua kitu watashikwa pamoja nanyi.

Aliyekwisha nunua: usizifungue kwa koleo, usizichome, usizitupe baharini. Ziache zilipo, mahali pakavu penye kufuli, mtafute wakili, kisha zisalimishwe kituoni kwa utaratibu. Hifadhi ujumbe wote wa M-Pesa na mazungumzo, hata ya vitisho. Usimlipe tena hata shilingi. Wawili ninaowajua walilipa, na wote wawili alirudi kuwadai.

Nambari anabadilisha mara kwa mara, lakini pakiti ni zilezile: karatasi ya kaki, gundi ya rangi ya fedha, na kalibaa (ukubwa wa risasi) imeandikwa kwa kalamu nyekundu bila jina la kiwanda wala uzito wa kichwa.